Roboti Zinafunzwa na Vijana Wetu: Ni Nani Atawasemea?



Jumapili moja, ibada ikiwa imekwisha na watu wamesimama nje wakisalimiana, kijana mmoja wa hapa Kambi Muru alitufuata akiwa na karatasi mkononi. "Wazee, hebu niangalieni hii kabla sijaweka sahihi," akasema. Tukarudi naye ndani, tukakaa kwenye benchi, tukaisoma. Ilikuwa ni mkataba wa kazi. Kazi yenyewe ilielezwa kwa maneno mengi, lakini tulipomwomba aiseme kwa lugha ya nyumbani, alisema ni kuweka alama kwenye picha ili roboti zijifunze kuona. Muda ulikuwa mwezi mmoja, na waweza kuongezwa. Mshahara ulikuwa kwenye ukurasa wa pili. Kurasa tatu zilizofuata zilihusu mambo ambayo hatakiwi kumwambia mtu yeyote, hata mamake mzazi.

Tulitazamana. Kati yetu tuko na mwalimu mstaafu, fundi wa mbao, na mama mmoja anayeweka hesabu za kikundi cha akiba bila kukosea shilingi, lakini hakuna aliyeweza kumwambia huyu kijana weka sahihi au usiweke. Tukamwomba atupe siku chache tuulize. Makala haya ni yale tuliyopata, maana tunajua si yeye peke yake aliye na karatasi kama hiyo, hapa Kibera na kule Kawangware pia.

Roboti ni kitu gani hasa?

Wengi wetu tukisikia roboti tunafikiria yule mtu wa chuma wa kwenye sinema. Roboti nyingi hazifanani na mtu hata kidogo. Roboti ni mashine inayofanya mambo matatu: inapokea habari za mahali ilipo, kwa kamera au kifaa kingine, inaamua la kufanya, halafu inalifanya kwa mkono, kwa gurudumu au kwa propela. Mashine ya kusaga unga ina nguvu nyingi, lakini haioni. Ukiweka mahindi itasaga mahindi, ukiweka kidole itasaga kidole. Roboti inatarajiwa kukijua kidole.

Roboti ya kwanza kufanya kazi kiwandani iliwekwa na kampuni ya General Motors huko New Jersey, Marekani, mwaka 1961. Kazi yake ilikuwa kuinua vyuma vya moto ambavyo vilikuwa vikiwaunguza watu. Hakuna aliyelia kwa kuachishwa kazi ya kuungua. Shida ilikuja baadaye, wakati mikono ya chuma ilipohamia kwenye kazi ambazo watu walikuwa wanazitaka.

Neno lenyewe lina historia ya kusikitisha. Lilitolewa na mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, katika mchezo wa kuigiza wa mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima alilazimika kumfanyia mwenye shamba bila malipo. Miaka hiyohiyo hapa kwetu babu zetu walikuwa wakivishwa kipande shingoni ili wasiweze kumtoroka mwajiri. Kwa hivyo tangu mwanzo neno roboti lilibeba swali hili: anayefanya kazi anaamuliwa na nani?

Mwalimu wa roboti anakaa Kibera

Hapa ndipo habari inapotufikia mlangoni. Gari linalojiendesha ni roboti. Lina kamera, lakini kamera haijui kitu. Inaona rangi tu, hii hapa nyeusi, ile pale kijivu. Ili gari lijue kwamba kijivu kile ni barabara na kijeusi kile ni mtoto, ni lazima mtu alifunze, na humfunza kwa picha maelfu kwa maelfu. Mfanyakazi anaketi mbele ya kompyuta. Inakuja picha ya barabara ya ng'ambo. Anazungushia mstari kila gari, kila mtu, kila kibao cha barabarani, mistari ya katikati ya lami, mti, hata mbingu, aseme kama kuna mawingu au kuna jua. Akimaliza inakuja nyingine. Msimamizi anakagua, na mstari uliokwenda kando unarudishwa urekebishwe.

Mtu anaweza kusema hiyo ni kazi rahisi. Basi akumbuke yaliyotokea mji wa Tempe, jimbo la Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, likijiendesha usiku, lilimgonga na kumuua mama aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba kompyuta ya gari ilimchukulia kwanza kama kitu kisichojulikana, kisha kama gari, kisha kama baiskeli, na muda wa kusimama ukapita. Mtu wa ndani ya gari aliyepaswa kuangalia hakuwa anaangalia. Sisi tunaoishi kati ya mikokoteni, mitungi ya maji na watoto wanaocheza kando ya reli tunaelewa haraka jinsi ilivyo vigumu kumweleza mgeni ni kipi kitasimama na ni kipi kitakimbia.

Kazi hii ilifika Nairobi zamani kidogo. Kampuni ya Samasource, ambayo baadaye ilijiita Sama, ilianzishwa mwaka 2008 na Leila Janah, mama Mmarekani aliyefariki Januari 2020 akiwa bado kijana. Nia aliyoitangaza ilikuwa kuwapa watu wa mitaa ya chini kazi badala ya msaada. Mwaka 2018 shirika la habari la BBC lilimfuata mfanyakazi mmoja kutoka nyumbani kwake hapa Kibera hadi ofisini, likaeleza kwamba malipo yalikuwa kama dola 9 kwa siku. Tusidharau. Ukilinganisha na kibarua cha kuamka alfajiri na kutembea hadi Industrial Area bila kujua kama lango litafunguliwa, hiyo ilikuwa hatua. Stima iko, kiti kiko, mshahara una tarehe. Tunajua nyumba zilizosomesha watoto kwa pesa hizo.

Lakini mwanzilishi huyo aliulizwa kwa nini malipo yasiongezwe, akajibu kwamba kulipa zaidi sana kungevuruga soko la kazi la hapa, na kungeweza kupandisha bei za nyumba na za chakula mitaani. Alisema kwa nia njema, hatuna sababu ya kufikiri vingine. Ila kodi ya nyumba Kambi Muru haijawahi kungoja mishahara ya kompyuta ndipo ipande. Na jambo la kuangalia ni hili: katika mazungumzo hayo juu ya mshahara, mwenye kampuni alisema na mwandishi wa habari alisema. Waliokuwa wakilipwa hawakuwa na mtu wa kuwasemea mezani.

Waliosimama

Kwenye kampuni hiyohiyo kulikuwa na kazi nyingine, ya kuchuja picha na maandishi mabaya ya Facebook. Si kazi ya roboti, lakini tunaieleza kwa sababu huko ndiko vijana wa kompyuta wa Nairobi walianza kujifunza kusema kwa pamoja. Mwaka 2019 mfanyakazi kutoka Afrika Kusini, Daniel Motaung, alianza kuwaunganisha wenzake wadai malipo bora na msaada kwa wale walioumizwa akilini na mambo waliyotazama mchana kutwa. Akafutwa. Mei 2022 alifungua kesi katika Mahakama ya Uajiri na Leba hapa Nairobi dhidi ya Sama na dhidi ya Meta, mwenye Facebook. Kampuni hizo zilikana madai yake.

Mapema mwaka 2023 Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi hiyo ya kuchuja, na wafanyakazi wapatao 260 wakaambiwa nafasi zao zinakwisha. Zaidi ya 180 kati yao wakaenda mahakamani. Tarehe 1 Mei 2023, sikukuu ya wafanyakazi, watu zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama cha wachujaji wa habari wa Afrika. Julai mwaka huo wanne waliokuwa wamefanya kazi ya kuifunza ChatGPT, ambayo gazeti la TIME lilikuwa limeandika kwamba ililipa chini ya dola 2 kwa saa, walipeleka ombi Bungeni wakitaka hali ya kazi hizi ichunguzwe.

Swali lililochukua muda mrefu mahakamani ni rahisi kulieleza. Meta ilisema: sisi hatuko Kenya, na hawa hatukuwaajiri sisi, kwa hivyo mahakama ya Kenya haina neno nasi. Kila mtu aliyewahi kufanya kibarua chini ya kontrakta anaujua wimbo huo. Ukimwendea kontrakta anakuonyesha mwenye kiwanda, ukimwendea mwenye kiwanda anakuonyesha kontrakta. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa. Tuseme wazi, huo haukuwa ushindi wa kesi yenyewe. Ulikuwa ushindi wa kusikizwa. Lakini vijana waliokuwa wakiambiwa hakuna mlango walionyeshwa mlango.

Mwaka huohuo wa 2024 ulileta hasara nyingine isiyopigiwa kelele nyingi. Kulikuwa na kazi za kuweka alama zilizopatikana kwa mtandao uitwao Remotasks, wa kampuni ya Marekani ya Scale AI, ambayo ilikuza jina lake kwa picha za magari yanayojiendesha. Huku hakuna ofisi wala msimamizi. Kijana anafanyia nyumbani au saiba, analipwa kwa kipande. Machi 2024 wafanyakazi wa Kenya walijikuta wamefungiwa nje. Kwenye mkataba wa Mombasa Road angalau kuna lango la kusimama nje ukapiga kelele. Hawa wa mtandao walikuwa na simu zao tu. Hiyo ndiyo sababu tunafurahi kwamba wanaoweka alama za data sasa nao wameanzisha muungano wao hapa Nairobi, Data Labelers Association, unaowaleta pamoja wa ofisini na wa nyumbani.

Ukiangalia ni akina nani waliongoza mambo haya yote, hutapata mheshimiwa wala daktari wa chuo kikuu. Ni watu waliotoka kwenye kiti kilekile. Wengine walikuwa wageni, Waethiopia na Waafrika Kusini, wasio na mjomba wa kuwapokea wakikosa mshahara. Tunakumbuka kwamba Harry Thuku alipoanza kupinga kipande na kukatwa kwa mishahara mwaka 1921, alikuwa mfanyakazi wa simu katika Hazina ya serikali hapa Nairobi. Simu ndiyo ilikuwa mashine mpya ya wakati ule, na yeye aliijua kutoka ndani. Aliposhikwa Machi 1922 umati ulikusanyika kumtaka, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilitaja waliokufa 21, naye Nyanjiru akiwa mmoja wao.

Majani chai ya Kericho

Mpaka hapa tumesema juu ya wale wanaoifunza mashine. Kuna upande wa pili, wa wale ambao mashine inachukua mahali pao, na familia nyingi za Kibera na Kawangware zinauelewa kwa sababu zina ndugu huko mashamba makubwa ya chai.

Mashine ya kuchuma chai si roboti kamili. Ina watu wanaoishika au kuiendesha, na haichagui jani kama mkono unavyochagua. Lakini inakata haraka. Makampuni yalianza kuzileta zaidi ya miaka 15 iliyopita, na Oktoba 2010 chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kiliitisha mgomo kwa ajili hiyo. Mashine hazikurudi zilikotoka. Kamati iliyoundwa na Kaunti ya Kericho kuangalia jambo hili ilipotoa maoni mwaka 2023, mjumbe wake mmoja alisema kazi 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo kwa miaka kumi, na kwamba mashine moja inaweza kushika mahali pa watu 100 kwa siku. Mei 2023 vijana wenye hasira waliingia shambani wakachoma mashine kadhaa. Kulikuwa na kifo, na waliojeruhiwa ni wengi, wakiwemo polisi.

Hatutamhukumu mtu aliye na njaa, mwenye njaa hana miiko. Lakini tumeuliza: moto ule ulileta nini? Mashine zina bima, mchuma chai hana. Kilichotufaa zaidi ni kile ambacho hakikupata picha kwenye magazeti, yaani pendekezo la kamati kwamba chai ivunwe 60 kwa mashine na 40 kwa mkono katika kila 100, na kwamba uingizaji wa mashine hizo uwekewe sheria. Mtu anaweza kubisha juu ya kiwango hicho, sisi wenyewe tulibishana mpaka chai ikapoa. Hata hivyo ni kiwango. Kinaweza kujadiliwa, kuandikwa kwenye mkataba wa chama na mwajiri, na kudaiwa mahakamani. Ubaya ni kwamba kilikuja baada ya mashine kuzoea shamba. Angekaa mezani nani mwaka 2005, kabla ya hayo yote?

Na tusidhani ni Kericho pekee. Kina mama wa Kawangware wanaokwenda kungoja kazi ya kufua Lavington na Kileleshwa wanatuambia siku hizi wanaulizwa kama wanajua kutumia mashine, na siku ambazo zilikuwa tatu kwa wiki zimekuwa moja. Hakuna aliyewaita kwenye warsha yoyote ya teknolojia.

Kiongozi wa roboti ni nani?

Mwishoni mwa mwaka 2023 chama kimoja cha wataalamu, Robotics Society of Kenya, kilipeleka Bungeni pendekezo la mswada wa kuunda jumuiya ya kitaifa ya roboti na akili bandia. Jumuiya hiyo ingeandikisha watu wa fani hii na kuwapa leseni, na anayefanya bila leseni angeadhibiwa. Waliouandika walisema fani inahitaji utaratibu na wateja wanahitaji kulindwa. Kuna ukweli hapo, hata wewe hutaki daktari wa kubahatisha.

Vijana wa teknolojia waliupinga vikali. Waliuliza, je, yule anayejifunza mwenyewe usiku kwa simu atalipa leseni ya nini? Sisi tuliufikiria kwa mfano wa kijana wa Kawangware tunayemfahamu, ambaye hutoa mota kwenye mashine kuukuu za kufulia, akaziunganisha na kifaa kidogo cha kompyuta cha bei nafuu, mpaka akatengeneza mlango wa banda la kuku unaojifunga giza likiingia. Kwa maelezo tuliyoyatoa mwanzoni, mlango ule ni roboti. Unaona giza, unaamua, unajifunga. Je, angekuwa mvunja sheria?

Tunachotaka wasomaji waone ni kwamba pande zote mbili za ugomvi huo zilikuwa za watengenezaji. Mmoja anasema leseni, mwingine anasema uhuru. Kijana wetu mwenye karatasi, mchuma chai na mama wa kufua hawakuwa upande wowote, kwa sababu mswada ulikuwa juu ya wanaotengeneza roboti, si wanaozifunza wala wanaopokonywa kazi nazo. Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa akili bandia wa kutoka 2025 hadi 2030. Na mwaka 2024 mswada wa Seneti wa kurekebisha sheria za biashara ulikuwa na kipengele cha kuikinga kampuni ya ng'ambo inayotoa kazi isidaiwe na wafanyakazi wa kampuni ya hapa inayozifanya. Msomaji alinganishe hicho na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa tuliotaja. Yale ambayo vijana wanayapata kwa miaka mahakamani yanaweza kuondolewa kwa mstari mmoja Bungeni, kama hakuna anayesoma miswada.

Kuisoma si kazi ya wenye digrii peke yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwahusishe wananchi. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuanzisha chama au kujiunga nacho, na haki ya kugoma. Wale wanne wa Julai 2023 walitumia haki hizi hizi. Hata makanisa yameanza kuamka. Mei 2025 Papa Leo wa 14 alieleza kwamba alichagua jina hilo hasa kwa sababu ya Leo wa 13, ambaye mwaka 1891 aliandika barua kuhusu haki za wafanyakazi wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vikiwameza watu, na kwamba akili bandia inaleta hali kama ile. Tungependa habari hiyo ifike pia kwenye vikao vya mtaa, si Roma tu.

Ile karatasi

Turudi kwa kijana. Tulimpeleka kwa mtu anayejua sheria za kazi, na alichotueleza kinafaa kila anayeingia kazi ya namna hii, iwe ya roboti au ya mjengo.

Kwanza, mkataba una nakala mbili, na moja ni yako. Kijana alikuwa ameambiwa aweke sahihi na karatasi ibaki ofisini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na inataka mfanyakazi apewe karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa. Hata kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, mwajiri amwite jina analotaka. Kwa hivyo weka kumbukumbu za siku zako, hata kwenye daftari la shule.

Zile kurasa za siri zilitusumbua kuliko zote. Kampuni ina haki ya kuficha picha za mteja wake, hilo tunalikubali. Lakini je, kijana akianza kukosa usingizi, anaweza kumweleza daktari kazi anayofanya? Anaweza kumweleza wakili, au afisa wa leba? Swali hilo liulizwe kabla ya sahihi, na jibu liandikwe.

Na kwa wale walio kiwandani tayari, ambako mashine mpya inaletwa: mwajiri hawezi kuwaambia Ijumaa kwamba Jumatatu msije. Kupunguza watu kwa sababu ya mashine kunatakiwa kutanguliwa na notisi ya mwezi mmoja au zaidi, kwa chama cha wafanyakazi au kwa mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi, na pia kwa afisa wa leba wa eneo, pamoja na sababu. Malipo ya kuondoka hayapungui siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Ukidhulumiwa una miaka 3 ya kufungua madai, usikae ukingoja ati watakuita. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, kimesaidia wengi wa mitaa yetu.

Kijana alirudi kwenye ile ofisi na maswali matatu kwenye kipande cha karatasi: nakala yangu iko wapi, mwezi ukiisha ni nani anaamua kama naendelea, na daktari naweza kumwambia nini. Alitusimulia kwamba aliyempokea alishangaa, akaenda kuuliza ndani, akarudi na nakala. Swali la pili lilijibiwa nusu. La tatu aliambiwa litaulizwa kwa mteja, na hadi tunapoandika halijajibiwa. Aliweka sahihi, kwa sababu kodi ilikuwa imefika, na hatukumlaumu.

Lakini kwenye foleni siku hiyo walikuwa vijana sita, na wanne waliomsikia akiuliza walimfuata nje kutaka kujua maswali hayo ameyatoa wapi. Wawili ni wa Kambi Muru, mmoja ni wa Gatwekera na mwingine wa Kawangware. Sasa wanakutana kwenye ukumbi wetu Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa nane mchana, kila mtu na nakala yake. Yeyote aliye na karatasi ya aina hiyo aje nayo.